Mbao ngumu za kuranda na plena huna: matatizo yanayojirudia na dawa zake

Hapa naongea na mtu alienunua mninga, mkongo, mvule au msaji zikiwa kama zilivyotoka kwenye msumeno, zile zenye manyoya, na nyumbani ana randa ya mkono, msumeno na tepu, basi. Plena hana na hawezi kununua plena kwa ajili ya meza moja. Kwaiyo anapakia mbao kwenye guta anaenda karakana yenye mashine, iwe Keko ya Dar, iwe Gikomba ya Nairobi, iwe uko mkoani kwenye banda la nyuma ya soko, analipa kwa futi au kwa mbao, anarudi nazo. Alafu ndo malalamiko yanaanza. Nimeyasikia mengi na mengine yamenikuta mwenyewe, ukiyapanga ni yaleyale saba nane, na mara nyingi mashine haina kosa, kosa ni kitu ulichofanya au hukufanya kabla hujafika pale.

Kabla ya yote elewa kwamba karakana ina mashine mbili tofauti japo watu wanaziita zote plena (kwenye zile kombaindi zinakaa kwenye bodi moja, ndo maana watu wanachanganya). Ya kwanza ni ya kunyooshea, ina meza ndefu na visu viko katikati ya meza, mbao unaisukuma kwa mkono juu yake, inakula upande wa chini. Ya pili ni ya unene, wengi wanaiita thiknesa, mbao inaingia upande huu inavutwa na rola inatokea upande wa pili, inakula upande wa juu. Ya kwanza inanyoosha. Ya pili HAINYOOSHI, inachofanya ni kuufanya uso wa juu ufuate uso wa chini. Shika hilo maana tatizo la pili hapo chini lote limetokana nalo.

1. Fundi wa mashine anazikataa mbao zako

Sababu inayoongoza ni uchafu na misumari. Mbao imelala chini yadi miezi, imebeba mchanga na udongo uliokauka, na mchanga unaua makali ya visu haraka kuliko mbao yenyewe. Fundi akiona vumbi jekundu kwenye uso wa mbao anakwambia mashine mbovu, kumbe mashine nzima, anaogopa visu vyake. Dawa ni rahisi, brashi ya waya na nguvu za mkono, piga mbao nyuso zote na hasa vichwani, kisha kata kama sentimita 2 za kila kichwa maana hapo ndo changarawe zinajificha kwenye nyufa. Kama zimepakwa rangi ya alama vichwani ndo zaidi, kata.

Kwa misumari, chukua sumaku ya spika bovu ufunge kamba uipitishe polepole juu ya mbao. Kama mbao zimetoka kwenye mlango wa zamani au jahazi lililovunjwa usiishie kwenye sumaku, tafuta na madoa meusi ya bluu, mbao nyingi ngumu zikigusana na chuma na maji zinaweka doa hilo, kwaiyo doa bila tundu linaloonekana maana yake kuna msumari umekatikia ndani. Ukikuta umezama sana na hautoki kwa nyundo na tindo, kata hicho kipande kitupe. Usimfiche fundi. Msumari ukikutana na visu vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika sio tu kisu kinamegeka, kipande kinaweza kuruka kikamkuta mtu.

Sababu ya pili ni ufupi. Thiknesa inashika mbao kwa rola ya mbele na rola ya nyuma, mbao ikiwa fupi kuliko nafasi ya kati ya rola inabaki katikati bila mshiko, visu vinaitafuna au vinairusha. Chini ya sentimita 30 hivi karakana nyingi watakataa na wana haki. Ndo maana unaranda kwanza unakata baadae, au unapeleka kipande kirefu chenye kutosha miguu minne ya stuli badala ya vipande vinne.

Ya tatu ni upana, mbao ni pana kuliko mdomo wa mashine, hiyo nimeiweka namba 7. Na ya mwisho ni ubichi, fundi anagusa mbao inatoa ubaridi na pumba zinatoka kama uzi uliolowa, anakwambia kaanike urudi. Msikilize, tena mshukuru, angeweza kuchukua hela yako akakuachia tatizo la 3.

Na kitu kingine kisichohusu ufundi: kwa Tanzania fundi anaweza kukuuliza karatasi za mbao, yaani risiti na hati ya kusafirishia, kwasababu TFS (wakala wa serikali wa misitu) wakija kukagua mzigo wanaukuta kwake sio kwako. Nenda nazo.

2. Imetoka laini kama kioo lakini bado imepinda

Hili ndo la watu wengi na mimi limenila. Nilipeleka mbao 6 za mkongo za meza ya kulia, inchi 2 kwa 8, nimelipa vizuri, zimerudi zinateleza, nikazipanga nizigundishe nikakuta mbili zinacheza kama kiti kwenye sakafu mbovu. Nikarudi kwa hasira. Fundi akaniuliza kwa upole, "ulisema nirande au ninyooshe?" Nilisema kuranda. Basi.

Kilichotokea ni kwamba mbao iliyopinda ikiingia kwenye thiknesa rola zinaikandamiza inakuwa bapa kwa muda, visu vinapita, ikitokea upande wa pili shinikizo limeondoka inarudi kwenye umbo lake. Sasa una mbao iliyopinda ileile ila nyembamba na laini.

Kagua hivi kabla hujalaumu mtu. Ilaze mbao juu ya kitu unachokiamini kwamba ni bapa (kioo cha meza kinafaa, sakafu ya vigae sio sana), bonyeza pembe moja moja. Ikicheza pembe mbili zinazokabiliana kimshazari imejisokota. Isipocheza ila ina nafasi katikati imepinda kwa urefu. Kama nafasi iko katikati ya upana imeingia bakuli. Msokoto mdogo jicho halioni kirahisi, chukua vijiti viwili vilivyonyooka vyenye urefu sawa, kimoja kiweke kukatiza mbao kichwa cha huku na kingine kichwa cha kule, chuchumaa uangalie kwa jicho moja, kama mistari ya juu ya vijiti hailali sambamba basi ipo.

Sababu kwa mpangilio wa ninavyoziona: ya kwanza haikupita kabisa kwenye mashine ya kunyooshea. Ya pili ilipita, ila fundi au kijana wake aliikandamiza kwa nguvu zote, akainyoosha kwa kiganja badala ya kisu, ikarudi ilivyokuwa. Ya tatu meza za mashine yenyewe haziko sawa, hii ni nadra lakini utaijua kama mbao ZOTE zimepinda upande uleule kwa kiasi kilekile.

Dawa ya bure ni chaki. Kabla mbao haijaingia ichore michoro ya ovyo nyuso zote mbili, kote, kama mtoto kaachiwa ubao wa shule. Mwambie fundi anyooshe uso mmoja mpaka chaki iishe, ubavu mmoja upigwe skwea (nyuzi 90) na huo uso, ndo iende kwenye unene na huo uso ulionyooka ukiwa chini. Chaki ikibaki katikati au kwenye pembe hapo kisu hakijagusa, kazi haijaisha. Hakuna ubishi na fundi hapo, chaki inaongea yenyewe.

Kama karakana ina thiknesa peke yake tengeneza kitanda cha kuibebea. Chukua plaiwudi ya milimita 18 iliyonyooka, ndefu kidogo kuliko mbao, laza mbao juu yake upande wenye bakuli ukiangalia chini, kila panapocheza ingiza kabari nyembamba mpaka mbao itulie kabisa bila kukandamizwa, kabari zishikize kwa gundi ya moto zisitoke. Weka kipande cha kuzuia upande wa mbele unaoingilia mashine ili mbao isiteleze ikaacha kitanda nyuma, na hicho kipande kiwe chembamba kuliko mbao utakavyobaki nayo ili kisiguswe na visu, na kisifungwe kwa msumari wala skrubu. Mbao na kitanda vinapita pamoja, uso wa juu unatoka bapa, unaigeuza, unaondoa kitanda, unaranda upande wa pili kawaida. Mwambie fundi unachotaka kufanya kabla hujafika nacho maana wengine hawapendi vitu vya gundi kwenye mashine yao.

Ishia hapo kama mbao ya inchi 1 imejisokota zaidi ya nusu inchi kutoka pembe mpaka pembe. Kuinyoosha utabaki na kitu cha kufunikia sufuria. Ikate vipande vifupi, msokoto unagawanyika, kila kipande kinahitaji kuliwa kidogo tu.

3. Karakana ilinyooka, nyumbani baada ya siku tatu imepinda

Sasa hapa fundi hana kosa kabisa na watu wanamgombeza bure.

Sababu kubwa ni unyevu. Mbao inaanza kusinyaa ikishuka chini ya unyevu wa asilimia 30 hivi na inaendelea mpaka ilingane na hewa ya pale ilipo. Nje inaweza kuwa imekauka ndani bado, ukiranda unaondoa ganda kavu unafungua ndani penye unyevu, inaanza kukauka upya na kupinda upya. Muuzaji yoyote atakwambia mbao kavu hiyo mzee, kavu kabisa. Wala usibishane, pima. Kata kipande kidogo, sio kichwani maana vichwa vinakauka haraka vinakudanganya, ingia ndani kama sentimita 30 ndo ukate. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 na kidogo, kila baada ya saa kadhaa pima tena mpaka uzito ugome kushuka. Mfano kilikuwa gramu 230 kikagomea 200: zimepotea gramu 30, gawanya kwa 200, unyevu ni asilimia 15. Kwa fanicha ya Dar au Mombasa kwenye hewa nzito ya bahari hiyo unaweza kufanya kazi nayo, kwa fanicha itakayoenda Dodoma bado, kule hewa ni kavu itasinyaa zaidi. Ukiona 25 usirande, anika.

Bila oveni andika uzito wa mbao nzima kwa kalamu juu yake, rudi kila wiki, ukiacha kushuka imefika.

Sababu ya pili ni namna ulivyoziweka ulipofika nyumbani. Umeziegemeza ukutani, au umezilaza sakafuni kwenye simenti, upande wa chini unavuta unyevu upande wa juu unapigwa na feni. Mbao iliyorandwa ipangwe juu ya fito za inchi moja zilizoachana sentimita 40 au 50, fito za kila tabaka zikae juu ya mwenzake moja kwa moja, hewa ipite pande zote, juani hapana. Kama huna nafasi hiyo zifunge pamoja kwa nailoni mpaka siku ya kazi.

Ya tatu fundi amekula upande mmoja tu, labda ulikuwa na unene mdogo ukamwambia usiguse nyuma. Kula pande zote mbili kiasi kinachokaribiana.

Ya nne ni mbao yenyewe ina mvutano ndani, imetoka karibu na moyo wa mti au kwenye tawi. Hii utaijua hata msumeno ukiipasua inafunga njia inaubana msumeno. Mninga ina sifa nzuri hapa, inasinyaa kidogo na haisumbui ikikauka, ndo maana mafundi wanaipenda pamoja na bei yake. Msaji wa miti michanga iliyovunwa kwenye kupunguza shamba utakusumbua zaidi.

Ujanja unaofanya kazi ni kuranda mara mbili. Mara ya kwanza iache nene kwa milimita 3 au 4, iweke kwenye fito wiki mbili ipinde itakavyo, alafu rudi ukamalizie. Ni nauli mara mbili ndio, lakini nimeona watu wamelipa zaidi ya hapo kwa kununua mbao upya.

4. Uso umenyofoka, kuna vishimo na nyuzi zimeng'oka

Angalia kwanza pale paliponyofoka ni upande mmoja wa mbao au kote. Upande mmoja: mbao imeingia kinyume cha nyuzi. Tazama ubavu wa mbao uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, kisu kinatakiwa kizilaze sio kiziinue, ni kama kumpapasa paka. Igeuze kichwa mkia ipite tena. Hiyo ndo sababu ya kwanza na dawa yake haina gharama.

Sababu ya pili kisu kinakula kirefu kwa mpigo mmoja, kijana ana foleni anataka amalize, anakula milimita 3. Mbao ngumu mwishoni iliwe milimita moja au chini ya hapo. Unaweza kumuomba, na ukiongeza kidogo mkononi atakukubalia.

Ya tatu visu butu. Muulize vimenolewa lini, au usiulize, angalia mbao ya mteja aliekutangulia. Hapa aina ya mbao ina mchango wake: msaji una silika ndani yake na unamaliza makali haraka, mvule nao una vijiwe vya chokaa ndani, vigumu kweli, unavikuta bila taarifa. Kwaiyo ukienda na mvule usishangae fundi kukutajia bei tofauti, na kama unaweza panga uende siku visu vimetoka kunolewa.

Ya nne, mbao ina nyuzi zinazopishana. Mkongo na mkangazi ndo zao, mstari mmoja nyuzi zinaenda huku mstari wa pembeni zinarudi kule, ukigeuza unaponya huu unajeruhi ule. Ndo huohuo unaoleta mng'ao wa mistari watu wanaoupenda, huwezi kupata kimoja bila kingine. Lowesha uso kidogo kwa kitambaa kibichi dakika moja kabla ya mpigo wa mwisho, nyuzi zinalainika. Ikigoma iache nene kwa milimita moja umalizie nyumbani kwa kukwangua. Wazee wanakwangulia kipande cha kioo kilichovunjika na kinafanya kazi kweli, ila mimi baada ya kujikata dole gumba nilihamia kwenye kipande cha msumeno wa zamani kilichonyooshwa ubavu na kukunjwa ncha kwa chuma kigumu. Kwangua kimshazari, alafu msasa 80, 120, 180, usiruke.

Vifundo ni habari nyingine. Kifundo kilicholegea kinachocheza ukikibonyeza kitoe kabla ya mashine, kikiruka ndani ya mashine kinapiga kama risasi.

5. Mistari, mawimbi na alama za kuungua

Mstari ulioinuka unaokimbia mbao nzima toka kichwa mpaka kichwa: kisu kina pengo, kimekula msumari au kijiwe cha mtu mwingine. Fundi anaejua anasogeza kisu kimoja pembeni milimita mbili tatu ili mapengo yasikae mstari mmoja, inaisha palepale. Asipotaka, mistari hiyo ni midogo, randa ya mkono inaitoa kwa mipigo miwili.

Mawimbi madogo yanayokatiza upana, ukipitisha kucha unayasikia: mbao imepelekwa haraka, au kisu kimoja kimekaa juu ya wenzake ndo kinachofanya kazi peke yake. Saa za jioni umeme ukiwa mdogo nayo inatokea, mota inachoka, mlio unashuka, mawimbi yanapanuka. Njoo asubuhi.

Weusi wa kuungua maana yake mbao ilisimama ndani visu vikaendelea kusugua. Utomvu kwenye meza ya mashine ndo chanzo mara nyingi, meza ifutwe na mafuta ya taa, ikauke, ipakwe nta ya mshumaa. Hiyo ni kazi ya fundi na mashine ikiwa IMEZIMWA kwenye swichi kuu. Ukiona kijana anaingiza mkono au kijiti kutoa mbao iliyokwama huku mashine inanguruma chukua mbao zako uondoke, sitanii, karakana nyingi ina mtu mwenye vidole pungufu na hadithi huwa ni hiyohiyo. Na mashine ikianza kugonga au kutetemeka ghafla watu wote wakae pembeni, sio mbele wala nyuma ya njia ya mbao, izimwe, aitwe fundi mitambo.

6. Kichwani kuna bonde, na unene haulingani

Sentimita 8 mpaka 12 za mwisho zimeliwa zaidi. Mbao ndefu ya futi 10 ikitoka nyuma bila mtu wa kuipokea inainama kwa uzito wake, mkia unanyanyuka kuelekea kwenye visu. Nenda na mtu, mmoja aingize mwingine apokee na ainue kidogo. Au zipitishe zikifuatana mkia kwa kichwa bila nafasi, bonde litaenda kwa ya kwanza na ya mwisho tu. Au nunua mbao ndefu zaidi kwa sentimita 15 kila upande usijali.

Unene usiolingana karibu kila mara ni kwasababu zilirandwa kwa awamu. Umepeleka nne leo mbili wiki ijayo, skeli ya mashine haikumbuki. Zote za kazi moja zipite mpigo wa mwisho pamoja bila kugusa skeli, na ongeza moja ya akiba. Wengine wanalalamika wamepunjwa, wamepeleka inchi 1 wamerudishiwa robo tatu. Hujapunjwa. Milimita 25 ukila pande zote mpaka manyoya yaishe unabaki na 19 au 20, hivyo ndo ilivyo. Ukitaka inchi kamili iliyorandwa nunua inchi moja na robo au moja na nusu.

7. Mbao ni pana haiingii, au karakana iko mbali, unaranda mwenyewe

Randa ya umeme ya mkono za kawaida zina kisu cha milimita 82, kwaiyo kwenye mbao ya inchi 8 unapita mara tatu nne na lalamiko ni lilelile, zimebaki ngazi. Sababu ya kwanza ni kula kirefu, weka nusu milimita. Ya pili unaenda na nyuzi tu toka mwanzo, anza kimshazari upande mmoja, kisha kimshazari cha pili, uvunje vilima, ndo umalizie kwa kufuata nyuzi, na ngazi zitakazobaki zitoe kwa randa ya mkono iliyonolewa ikanoleka. Ikichimba mwanzo wa mbao mkono wako wa mbele haukukandamiza, ikichimba mwisho, mkono wa nyuma haukukandamiza.

Kwa ubao mpana wa meza ambao hakuna mashine itaumeza, watu wanatumia ruta (mashine ya mkono inayozungusha kisu kidogo) kwenye kigari. Reli mbili zilizonyooka pembeni ya ubao, kigari kinateleza juu yake, ruta ndani ya kigari, biti (kisu cha ruta) bapa pana, milimita 1 mpaka 2 kwa mpito. Ukikuta katikati ya ubao pana bonde kuliko pembeni kigari kimeinama kwa uzito wa ruta, kiongeze mbavu. Ukikuta upande mmoja juu reli hazilingani, funga kamba mbili za kimshazari toka pembe mpaka pembe, zikigusana tu katikati bila kukandamizana ziko sawa. Ubao nao ufungwe kwa kabari usicheze. Ni kazi ya siku nzima na utazoa pumba magunia, lakini inanyoosha kuliko karakana nyingi.

Umeme: eksitensheni nyembamba ya mita 30 iliyokunjwa kwenye duara itapata moto, ikunjue yote, shika waya, ukiwa wa moto acha. Ukinusa harufu ya kuungua kwenye mota au ukiona cheche za bluu zinazunguka ndani, chomoa, mpelekee fundi mota. Kubadili kisu au biti chomoa kwenye soketi kwanza, swichi peke yake haitoshi. Glavu usivae kwenye mashine inayozunguka, inavuta na mkono, na kanga au shati la mikono mirefu iliyolegea ni hivyohivyo.

8. Dalili ziko kwako, sio kwenye mbao

Hili watu hawalisemi. Umeshinda karakana au nyumbani unaranda, usiku mafua yanachuruzika, macho yanawasha, ngozi ya mikono ina vipele. Mara nyingi ni wingi wa vumbi tu, hukuvaa kitu. Lakini mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, mpingo pia kwa watu wengine, na mninga unasumbua pua. Anza na barakoa nzuri inayobana usoni, sio leso, fanya kazi nje upepo ukiwa nyuma yako, oga na ubadili nguo kabla hujamshika mtoto. Badili mbao uone kama dalili zinaisha. Kama kila ukigusa mvule zinarudi, tena zinakuja haraka kuliko mara ya kwanza, mwili umeshaikataa hiyo mbao, mpe mtu mwingine aifanye. Na kifua kikibana ukaanza kupumua kwa mluzi acha kila kitu nenda hospitali usiku huohuo, na mwambie daktari ulikuwa unaranda mbao gani.